SOMO LETU: KWENDA BAHARINI NA KURUDI KWA GARI LA STIMA



Vikundi vingi huweka kando pesa kidogo kidogo ili siku moja wanachama na watoto waende kupunga upepo baharini. Siku hizi wapo wenye magari ya stima wanaokuja na kusema: "Kodini langu, halinywi mafuta, safari ni rahisi." Je, kikundi kikubali? Hapa hatusemi ndiyo wala la. Tunasema: hesabuni kwanza. Katika Luka 14:28 Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza kuhesabu gharama. Nasi tuketi.

Somo hili latosha mkutano mmoja. Muwe na karatasi kubwa, kalamu, na mwanachama mmoja anayejua kugawanya.

1. TUONE: Gari hili hufanyaje kazi?

Gari la stima halina tangi. Lina betri kubwa chini ya sakafu. Betri hupimwa kwa uniti, zile zile tunazonunua kwa tokeni nyumbani. Kwa hivyo fikirini betri kama sanduku la kikundi: kinachoingia kinajulikana, kinachotoka kinajulikana, na likiisha limeisha. Tofauti na petroli ni kwamba huwezi kutuma kijana na mtungi akuletee stima barabarani.

Tuchukue mfano wa gari dogo la watu watano, Nissan Leaf ya betri ya uniti 40, aina iliyotoka mwaka 2017. Magari haya mengi huletwa yakiwa yametumika, na betri huzeeka kama mtu. Tuseme imebaki na nguvu ya uniti 36. Kwa mwendo wa kilomita 70 au 80 kwa saa, uniti moja yaweza kusukuma gari kama kilomita 6. Ukienda mbio, ukijaza mizigo, ukiwasha kipoza hewa mchana kutwa, kilomita hizo hupungua.

2. TUPIME: Hesabu ya Voi hadi baharini

Kutoka Voi hadi ufuo wa wazi wa Bamburi, Mombasa, ni karibu kilomita 160. Andikeni ubaoni:

- Kwenda: 160 gawanya kwa 6 = uniti 27.
- Zinazobaki mkifika: 36 toa 27 = uniti 9.
- Kurudi: uniti 27, jumlisha 3 za mlima = uniti 30.
- Akiba isiyoguswa: uniti 6.

Uniti 3 za mlima zatoka wapi? Voi iko zaidi ya mita 500 juu ya bahari, na gari lenye watu watano lina uzito wa karibu tani mbili. Kulipandisha huko kunakula kama uniti 3 zaidi. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Safari hii ni kinyume: kushuka baharini ni raha, ngoma iko kwenye kupanda kurudi nyumbani. Ni kweli kwamba gari likiteremka hurudisha stima kidogo kwenye betri, lakini hiyo msiihesabu. Iwe ni baraka tu.

Na akiba je? Uniti 6 ni kama kilomita 36, yaani kutoka Maungu hadi Voi na kitu kidogo juu. Hapo barabara inapita katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ndovu huvuka. Si mahali pa kukwama usiku na nyanya na watoto. Akiba haiozi.

Sasa jumlisheni: ili kurudi mnahitaji 30 na 6, ndizo 36. Betri ijae kabisa, na mmefika na 9. Lazima mpate uniti 27 mkiwa Mombasa. Hapa ndipo safari inaamuliwa. Swali si "Tutaogelea wapi?" bali "Tutachaji wapi, na kwa muda gani?"

- Soketi ya kawaida ya ukutani: huingiza kama uniti 2 kwa saa. Uniti 27 ni zaidi ya saa 13. Kwa siku moja haiwezekani.
- Chaja maalum ya ukutani: kama uniti 6 kwa saa. Ni saa nne na nusu. Inawezekana.
- Chaja ya kasi: karibu saa moja au zaidi kidogo, maana betri ikifika 80 kwa mia hupokea polepole.

Angalieni pia plagi. Plagi ya chaja ya kasi kwa magari mengi ya Japani si sawa na ile ya magari ya Ulaya au ya China. Chaja inaweza kuwapo na isiingie.

3. SAA ZA CHAJI NA SAA ZA MAJI

Mkiondoka Voi saa kumi na moja alfajiri, mwaweza kufika saa mbili na nusu. Gari likiwekwa kwenye chaja ya ukutani, litajaa saa saba mchana. Ondokeni saa nane, mfike Voi kabla giza halijaingia. Basi saa zenu za bahari ni saa tatu hadi saa saba. Je, maji yatakuwaje saa hizo?

Hapa mwezi ndio kalenda. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji hupwa sana, kwa kawaida mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa alasiri. Ni wakati mzuri wa kuwaonyesha watoto miamba na viumbe vya bahari, lakini maji yakirudi hurudi upesi. Msiende mbali. Kama juma moja baadaye ni maji mafu: maji hayapwi sana, na hujaa mnamo saa hizo hizo za asubuhi. Hizo ndizo siku nzuri za kuogelea kando ya ufuo. Saa husogea kila siku kama dakika 50, kwa hivyo ulizeni wavuvi wa pale kabla ya kuchagua tarehe.

4. TUTENDE: Kazi za kila mmoja

KATIBU apige simu mahali pa kuchaji wiki moja kabla, na tena asubuhi ya safari. Apate na mahali pa pili. Pawe karibu na ufuo, la sivyo mtalipa tuktuk.

MWEKA HAZINA asitoe arbuni kabla gari halijajaribiwa. Liende Maungu na kurudi, kama kilomita 60. Likila zaidi ya 30 kwa mia ya betri, hesabu ya kilomita 6 haisimami. Aandike pia nani atalipa gari likikwama. Kisha alinganishe: uniti 57, ongeza kama 6 zinazopotea wakati wa kuchaji, mara bei ya uniti, na gari dogo la petroli, kama lita 25, mara bei ya kituo. Kodi ya gari iingie pande zote mbili.

DEREVA asilipitishe gari kwenye mchanga wala maji ya chumvi. Asichaji kwa waya mwembamba wa ekstensheni; hupata moto na huweza kuunguza nyumba.

SOTE tukichaji kwenye ukumbi wa parokia au nyumba ya mtu, tuombe ruhusa na tulipe kila uniti. Stima ya jirani si ya bure.

Kama hakuna chaja ya uhakika, lipo jibu: laleni usiku mmoja, gari lichajiwe kwenye soketi salama hadi asubuhi, au pandeni matatu. Kikundi hakijashindwa kwa kusema "bado".

MASWALI YA KUJADILI

1. Kutoka kwetu hadi baharini ni kilomita ngapi? Fanyeni hesabu upya.
2. Chaja ikikosa stima siku hiyo, tutafanya nini?
3. Katika pesa za kikundi, akiba yetu isiyoguswa ni kiasi gani?

Safari njema, na Mungu awarudishe nyumbani salama.