Linki ukishaitoa si yako tena: panga anwani za duka lako kabla hujazisambaza

Somo la leo linahusu kitu kidogo ambacho wengi wetu tunakiruka siku ya kwanza tunapofungua websaiti: muundo wa linki za makala na bidhaa zetu. Wenyewe wanaita permalinki, yaani linki ya kudumu. Hilo neno "kudumu" ndilo somo lenyewe. Mimi nimelielewa kwa gharama, ngoja niwape stori kwanza.

Nauza vitenge na mashuka. Kwenye websaiti niliandika makala ya jinsi ya kufua kitenge kisichuje: maji ya baridi, kifuliwe peke yake mara ya kwanza, kianikwe kivulini. Watu wakaipenda, nikachapisha kadi ndogo 1,000 zenye linki ya hiyo makala. Kila mzigo unaotoka, natia kadi moja. Miezi kadhaa baadaye nikaona websaiti imekaa hovyo, nikaamua kuipanga upya. Nikabadili muundo wa linki zote, makala ya zamani nikaifuta, nikaandika mpya yenye kichwa kingine. Nikajiona nimefanya la maana.

Siku moja mteja wa mkoani akapiga simu. "Dada, kitenge chako kimechuja, kimeniharibia na gauni jeupe la mtoto. Kadi yako inasema maelekezo yapo kwenye linki, nimeiandika mara tatu naambiwa ukurasa haupo. Hivi bado mpo kweli nyie?"

Sikuwa na la kujibu. Nikamrudishia hela ya kitenge, nikamlipia na gauni. Kadi zilizobaki nikazitupa zote. Baadaye nikaja kugundua kumbe wala sikuhitaji kuzitupa. Hilo nitalieleza huko chini.

Kwa nini hili ni jambo kubwa

Bei ukikosea kwenye websaiti, unarekebisha dakika hiyohiyo. Picha ikiwa mbaya, unabadilisha. Lakini linki ukishaitoa inaondoka mikononi mwako. Ipo kwenye magrupu ya WhatsApp ambayo wewe haumo. Ipo kwenye skrinishoti za watu. Ipo kwenye kadi, mifuko na stika ulizochapisha. Ipo Google. Kuna mteja ameihifadhi anasubiri mshahara ndo anunue. Huko kote huwezi kwenda kurekebisha.

Hii si hekima yangu mimi. Tim Berners-Lee, yule mtu aliyebuni wavuti, aliandika tangu mwaka 1998 kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika, na akashauri uondoe kwenye anwani vitu ambavyo kesho vitakuwa tofauti. Ushauri huo ndio ninaoutumia leo: kwenye linki weka kile tu ambacho hakitabadilika.

Linki ina sehemu mbili

Ya kwanza ni jina la duka lako, ile domeini, mfano inayoishia na .co.tz au .com. Ya pili ni kinachofuata baada ya mkwaju (/). Leo tunashughulika na hiyo ya pili. Mifano yote ninayoandika hapa, mwanzoni weka jina la duka lako.

Kama unatumia WordPress, ingia kwenye "Settings", kisha "Permalinks". Utakuta chaguo kadhaa. Tuzipitie.

1. Namba tupu: /?p=123

Hii haibadiliki, na hilo ni zuri. Shida yake haisemi chochote. Mteja akiona namba na alama ya kuuliza, na matapeli walivyojaa mtandaoni, anaogopa kubonyeza. Na wewe mwenyewe ukiwa na makala 40, hujui 123 ni ipi.

2. Tarehe na jina: /2023/04/18/jinsi-ya-kufua-kitenge/

Websaiti nyingi za WordPress zinaanza na hii zenyewe, kwa hiyo usipogusa kitu, hii ndiyo unayo. Inawafaa wanaoandika habari, kwa sababu habari na siku yake haviachani. Lakini kitenge kinafuliwa vilevile mwaka huu na mwaka kesho. Mteja akiona 2023 anadhani maelezo yamepitwa na wakati, hata kama umeyahuisha jana. Halafu ni ndefu, kwenye kadi inakula nafasi yote.

3. Kundi na jina: /vitenge/jinsi-ya-kufua-kitenge/

Hii inavutia macho, inaonekana imepangika. Ndiyo niliyoikimbilia mimi, na ina mtego. Makundi ya duka dogo yanabadilika sana. Leo una kundi la "vitenge", kesho unaongeza batiki, unaamua kundi liitwe "vitambaa". Ukihamisha makala kutoka kundi moja kwenda lingine, linki nayo inabadilika. Itumie tu kama una uhakika makundi yako yametulia, na ukweli ni kwamba kwa sisi tunaoanza hayajatulia.

4. Jina tu: /jinsi-ya-kufua-kitenge/

Kwa duka dogo, chagua hii. Kwenye WordPress ni ile iliyoandikwa "Post name". Ni fupi, inasomeka, na haina tarehe wala kundi. Ukipanga upya makundi yako hata mara kumi, linki inabaki palepale.

Sasa hilo jina lenyewe uliandikeje?

Kuchagua muundo mzuri halafu ukaandika jina baya ni kazi bure. WordPress huwa inachukua kichwa cha makala chote na kukigeuza kuwa linki. Usikubali tu, libadilishe kabla hujachapisha. Kanuni zangu ni hizi:

Usiweke bei. Niliwahi kuwa na linki ya /shuka-6x6-ofa-25000/. Mzigo mpya ukaja kwa bei ya juu, nikabadilisha ukurasa kuwa 32,000. Mteja akanitumia linki ileile: "Mbona hapa umeandika 25?" Nikaonekana mbabaishaji wakati sikumdanganya mtu.

Usiweke mwaka wala msimu usiorudi. Usifungue /ofa-ya-sikukuu-2024/ halafu mwakani /ofa-ya-sikukuu-2025/. Fungua /ofa-ya-sikukuu/ moja, kila mwaka badilisha kilichomo ndani. Aliyehifadhi linki mwaka jana anaikuta ofa ya mwaka huu. Umempata mteja bila tangazo.

Usiweke sifa. Maneno kama "mpya", "bora kabisa" na "za kisasa" yanazeeka haraka. Shuka mpya ya leo mwakani ni shuka tu.

Maneno matatu mpaka matano yanatosha. Kichwa cha makala kinaweza kuwa "Mambo 7 ya kuzingatia unapofua kitenge chako kwa mara ya kwanza". Linki iwe /jinsi-ya-kufua-kitenge/. Ukiandika kwa namba 7, siku ukiongeza la nane linki inakusuta.

Herufi ndogo zote, na tenganisha maneno kwa kistari cha kawaida (-). Google wenyewe wanashauri kistari cha kawaida kuliko kile cha chini (_). Herufi kubwa nazo achana nazo, maana websaiti nyingi zinahesabu Kitenge na kitenge kuwa anwani mbili tofauti. Anayenakili kutoka kwenye kadi atakosea tu.

Emoji na alama zibaki kwenye kichwa cha makala. Zikiingia kwenye linki zinaweza kugeuka msururu wa alama za asilimia na namba, na ukiituma WhatsApp inaonekana kama virusi.

Ukiona -2 mwishoni, simama. Mfano /jinsi-ya-kufua-kitenge-2/. Maana yake jina hilo tayari linatumika kwenye websaiti yako. Tafuta lile la kwanza liko wapi, uamue lipi libaki, kabla hujachapisha.

Ukimaliza, jipime hivi: mpigie rafiki yako simu, msomee linki kwa mdomo, aiandike. Akiipata mara ya kwanza, linki iko sawa. Ukijikuta unasema "mkwaju, hapana, weka alama ya kuuliza, sasa sawasawa", rudi ukaipange upya.

Wenye duka la WooCommerce na wenye Blogger

Kama unatumia WooCommerce, kwenye ukurasa uleule wa "Permalinks" shuka chini, utakuta sehemu ya linki za bidhaa. Hii inajitegemea, kwa hiyo ukipanga ya makala, ya bidhaa bado. Kuna chaguo la kuweka neno lako mwenyewe. Mimi nimeweka "bidhaa", linki zangu zinatoka hivi: /bidhaa/shuka-pamba-6x6/. Lile chaguo la kuweka kundi ndani ya linki ya bidhaa nimeliacha, kwa sababu zilezile nilizosema juu.

Kama unatumia Blogger, mwaka na mwezi vinakaa kwenye linki na huwezi kuviondoa. Usihangaike. Unachoweza ni kuchagua maneno ya mwisho: unapoandika makala, pembeni kuna sehemu ya permalinki, chagua kuandika yako kabla hujachapisha.

Na zile linki fupi za bure?

Wengi tunazitumia ili linki ndefu ipendeze. Kwenye status haina neno. Kwenye kitu cha kuchapisha, hapana. Google walikuwa na huduma yao ya goo.gl. Mwaka 2018 walitangaza kuifunga, na tangu 2019 huwezi kutengeneza linki mpya pale. Kama kampuni kubwa vile inaweza kufunga huduma, hao wengine je? Kwenye kadi na mifuko weka anwani yako mwenyewe. Ukifuata kanuni za juu, itakuwa fupi tayari.

Kama umeshakosea kama mimi

Usikurupuke kubadilisha leo. Kwanza jiulize: kuna mtu ana linki zangu?

Kama websaiti ni changa, una makala tatu na hujasambaza popote, badilisha sasa hivi. Haitakuwa rahisi tena kuliko leo.

Kama umeshasambaza na linki zako zina tarehe lakini zinafunguka vizuri, ziache. Linki mbaya inayofunguka ni bora kuliko nzuri isiyofunguka. Anza kuwa makini na majina ya makala mpya.

Kama lazima ubadilishe, fuata hatua hizi:

1. Andika orodha ya linki zote za zamani kwenye daftari au jedwali, kabla hujagusa chochote. Anza na zile ulizochapisha kwenye kadi na mifuko.
2. Mbele ya kila linki ya zamani andika mpya yake.
3. Weka maelekezo ya kuhamisha, yale yanayoitwa 301. Kazi yake ni kumwambia anayekuja na anwani ya zamani: tumehamia huku, jumla. Anapelekwa mwenyewe bila hata kujua. Kwenye WordPress kuna programu-jalizi ya bure inaitwa Redirection, unaandika linki ya zamani juu na mpya chini, basi.
4. Fungua kila linki ya zamani kwa simu yako, na kwa simu ya mtu mwingine, uone inakufikisha.
5. Usiyaondoe hayo maelekezo. Google wanashauri yakae angalau mwaka mmoja. Mimi nasema, kama kadi bado iko nyumbani kwa mteja, yaache.

Hatua ya tatu ndiyo ingeokoa kadi zangu. Dakika mbili za kuelekeza linki ya zamani kwenye makala mpya, na kila aliyekuwa na kadi angesoma maelekezo ya kufua. Mimi nikabeba boksi zima nikalitupa. Majuto ni mjukuu.

Angalizo moja: ukibadilisha tu jina la makala iliyokwisha kuchapishwa, mara nyingi WordPress inakumbuka jina la zamani na kumpeleka mtu kwenye jipya. Ukiifuta makala, haina pa kumpeleka. Kwa hiyo ukitaka kuandika upya, ingia ndani ya ileile, futa maneno, andika mengine. Usifute ukurasa.

Kazi ya leo

Chukua kitu chochote ulichokwisha kuchapisha: kadi, mfuko, stika, risiti. Andika kwa mkono kwenye simu ile linki iliyopo pale, herufi kwa herufi, kama mteja ambaye hakujui. Ikifunguka, shukuru Mungu, halafu ingia "Permalinks" uangalie muundo wako. Isipofunguka, unajua pa kuanzia.

Mimi nilichapisha kadi mpya, safari hii 200 tu, zina /jinsi-ya-kufua-kitenge/. Ile linki ya zamani nayo nimeielekeza hukohuko, maana najua kuna kadi za mwanzo bado ziko kwenye makabati ya watu. Na yule mteja wa gauni jeupe alirudi kununua. Kabla ya kulipa aliifungua kwanza linki ya kadi, nikiwa kwenye simu nasubiri. "Sawa dada," akasema, "leo imefunguka. Nitumie namba ya kulipia."