D ya Kihispania: Herufi Moja, Sauti Mbili

Mwanafunzi wa Kiswahili anayejifunza Kihispania aghalabu huihofia rr na kuipuuza d. Ilhali madende tunayo. Ugumu umejificha katika d.

Tuchukue neno *dedo*, yaani kidole. Likitamkwa peke yake, d ya kwanza ni kipasuo: ncha ya ulimi huziba hewa kwenye meno ya juu, si kwenye ufizi. (Msemaji wa Kimvita, azoeaye kutofautisha t ya meno na t ya ufizi, hatataabika hapa.) D ya pili imo kati ya irabu. Ulimi huyakaribia meno tu, hewa ikapita. Sauti hiyo hushabihiana na dh ya *fedha*, ila ni legevu zaidi na haina mkwaruzo. Kipasuo hutokea baada ya kituo, na baada ya n au l, kama katika *donde* na *falda*.

Ieleweke kwamba kwetu *kadi* si *kadhi*; d na dh ni fonimu mbili. Kwa Mhispania hizo ni alofoni za fonimu moja, na mara nyingi hatambui kwamba anazibadilisha. Ndiyo maana kukariri neno mojamoja hakutoshi. Katika *un dedo*, d ya kwanza ni kipasuo. Katika *mi dedo* hulegea, kwa kuwa imetanguliwa na irabu. Tena katika mazungumzo ya kawaida nchini Uhispania, d ya *cansado* (aliyechoka) hudondoshwa kabisa, likasikika *cansao*.