Ruthu kwa Jumapili nne: kuandaa mfululizo wa mahubiri wakati wa mavuno

Anayehubiri hapa Mpemba, karibu na mpaka wa Tanzania na Zambia, ana washarika wasiotulia mahali pamoja. Jumapili hii mama yuko kanisani, ijayo yuko Nakonde kufuata mzigo, inayofuata yuko Mbozi kwa ndugu zake wanaochuma kahawa. Dereva aliyekwama kwenye foleni ya malori ya Tunduma huingia ibadani mara moja tu, kisha safari ya Zambia au Kongo inaendelea. Ndiyo maana wahubiri wengi huku hukwepa mfululizo na kuokota andiko jipya kila wiki. Nadhani wanakosea. Anayesafiri sana ndiye anayehitaji neno linaloendelea, ajue akirudi atalikuta wapi. Sharti ni moja: kila Jumapili ijitegemee, aliyekosa wiki mbili asijione mgeni.

Anza na kalenda kabla ya kufungua Biblia. Kaa na mzee wa kanisa ambaye ni mkulima, mtie alama Majilio, Kwaresima, Pasaka na Pentekoste, halafu mtie alama za shamba: mvua za Novemba na kupanda, palizi, mavuno ya mahindi, kahawa. Utaona kwamba baada ya Pentekoste, yaani Juni na Julai, kalenda ya kanisa inapumua wakati magunia yanajaa. Hapo ndipo pa kuweka mfululizo. Kama ushirika wenu unafuata masomo yaliyopangwa kwa kila Jumapili, kama ilivyo kwa Moravian na KKKT, zungumza na mchungaji mapema. Mfululizo unaweza kukaa vizuri katika ibada ya katikati ya juma. Masomo ya kanisa zima yasisukumwe pembeni na mpango wa mtu mmoja.

Kwa msimu huo napendekeza kitabu cha Ruthu. Kina sura nne, mistari 85, na hadithi yake ni ya mpakani: njaa inaihamisha familia kutoka Bethlehemu hadi Moabu, wanaume watatu wanafia ugenini, mjane anarudi nyumbani na mkwe wa taifa jingine, nao wanafika mavuno ya shayiri yanapoanza. Wayahudi hadi leo hukisoma kitabu hiki katika Sikukuu ya Majuma, ambayo ndiyo Pentekoste yao. Tunduma na Mpemba kuna ndoa nyingi za pande mbili za mpaka, na watoto wenye bibi Zambia na babu Tanzania. Hutahitaji kutafuta mifano mbali.

Kisome chote kwa mkao mmoja, kwa sauti. Hakifiki nusu saa. Rudia siku inayofuata kwa tafsiri nyingine: kama ulianza na Union Version ya mwaka 1952, shika Habari Njema. Ndipo ukate. Ruthu imejikata yenyewe kwa sura, lakini usiridhike na namba za sura. Uliza kila sehemu inabadilisha nini. Ya kwanza ni msiba na uamuzi wa Ruthu njiani. Ya pili ni shamba la Boazi. Ya tatu ni usiku wa uwanja wa kupuria. Ya nne ni lango la mji. Kwa kila moja andika sentensi moja kwenye daftari, yenye mtenda na kitendo. «Upendo wa Mungu» si sentensi. «Mungu anamlisha mgeni kwa mkono wa mkulima anayeishika sheria» ni sentensi, nayo itakuambia kipi kikae na kipi kitoke.

Chukua hiyo ya pili tuione inavyoandaliwa. Sheria ipo katika Mambo ya Walawi 19: mvunaji asikwangue pembe za shamba wala kurudia masazo, ni haki ya maskini na mgeni. Ruthu anaokota kutwa nzima, anapura, anapata kama efa moja ya shayiri. Mhubiri akisema efa, watu wanasinzia. Efa hukadiriwa kuwa lita 22 hivi, na debe letu ni lita 20. Sema basi kwamba mjane mgeni alirudi jioni kwa mama mkwe na debe lililojaa na kuzidi, na mama yeyote anayepima mahindi sokoni ataelewa kwa nini Naomi aliuliza papo hapo ameokota wapi. Kisha swali la kupeleka nyumbani: katika mavuno ya mwaka huu, pembe ya shamba langu ni ipi, na ni nani anayeruhusiwa kuiingia bila kuniomba? Mwenye duka au lori naye ana pembe yake, mtajie.

Sura ya tatu huwatia wahubiri hofu, wengine huiruka. Usiiruke. Watoto wakiwemo, isimulie kwa staha kama Biblia yenyewe inavyofanya, na uweke uzito kwenye ombi la Ruthu la kusitiriwa na kwenye jibu la heshima la Boazi. Sura ya nne itakuwa rahisi kuliko unavyofikiri: wazee kumi wanaketishwa langoni kushuhudia habari ya shamba, kama tunavyotafuta mashahidi kiwanja kinapouzwa.

Ikiwa ibada yenu ina mkalimani wa Kinyiha au Kinyamwanga, mpe sentensi yako na maandiko siku mbili kabla. Kumbuka pia kwamba dakika 40 za ibada zenye ukalimani ni dakika 20 za mahubiri. Andaa za ishirini. Mwalimu wa kwaya apewe mpango wote wa Jumapili nne mwezi mmoja mbele, ili nyimbo zisipishane na neno. Na kwenye tangazo andika saa kwa uwazi: wanaovuka kutoka Nakonde wako nyuma yetu kwa saa moja, ibada ya saa tatu kwetu kwao ni saa mbili.

Panga Jumapili nne, lakini tenga tano. Kutakuwa na msiba, au mgeni kutoka jimboni asiyekataliwa madhabahu. Mwaka 1538 mwanamatengenezo Calvin alifukuzwa Geneva. Aliporudi 1541 alipanda mimbarani akaendelea na mstari uliofuata pale alipokuwa ameishia. Nawe fanya hivyo. Ikiwa msiba umeila Jumapili ya tatu, wiki inayofuata wakumbushe kwa dakika mbili nani alitoka wapi na ana debe gani mkononi, kisha fungua sura ya tatu.