Kutengeneza Vipande Vidogo vya Mfano wa Injini ya Gari la Moshi

Boito iko katikati ya mashamba ya chai ya Konoin, katika Bomet, na reli haikupita huko. Njia iendayo Kisumu, iliyofika ziwani mwaka 1901, imepita mbali upande wa kaskazini, kwa Kipkelion, kituo kilichoitwa Lumbwa hapo zamani, na Fort Ternan. Kwa hiyo mtoto wa Boito aweza kumaliza masomo yake asiione injini ya moshi hata siku moja. Zile chache zilizosalia zimewekwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Mfano mkubwa uliotengenezwa vizuri, ukifikishwa shuleni au nyumbani, ndio utakaomwonyesha filimbi ilikaa wapi, na dereva alipandia ngazi gani. Lakini vitu hivyo hivyo, yaani filimbi, taa, ngazi na fimbo za kushikia, ndivyo huvunjika kwanza.

Mifano inayozungumzwa hapa ni ya kipimo cha moja kwa 22.5, ambayo hupita juu ya reli zenye upana wa milimita 45. Kipimo hicho huifaa sana reli ya upana wa mita moja iliyojengwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Injini za daraja la 59 zilikuwa 34. Zilijengwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na urefu wa kama mita 31.7. Mfano wake kwa kipimo hicho hufikia urefu wa mita 1.4, mzigo wa kubebwa kwa mikono miwili.

Kabla ya kushika gundi, fundi yampasa kujua sababu ya kuvunjika. Mara nyingi sababu ni mikono: mtu ameuinua mfano kwa kushika fimbo ya pembeni, ambayo haikuwekwa kubeba kitu. Fimbo ikigandishwa tena mahali pale pale kwa gundi peke yake, itavunjika tena, tena mapema kuliko mara ya kwanza, kwa kuwa uso uliovunjika ni mdogo na gundi haina pa kushika. Dawa yake ni msumari. Fundi hutoboa tundu la milimita 0.8 katika kila upande wa mvunjiko, kwa keekee ndogo ya kuzungushwa kwa vidole, kisha huingiza kipande cha waya ndani ya matundu yote mawili pamoja na gundi kidogo. Hapo nguvu huchukuliwa na waya, na gundi huuzuia tu usitoke. Pini za ofisini hazifai. Ni za chuma, na katika nchi ya chai, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, kutu itapasua rangi. Yafaa shaba.

Shaba haina haja ya kuagizwa Ulaya. Waya wa umeme wa nyumbani, ule wa uzi mmoja wa milimita 1.5 za mraba, una unene wa milimita 1.38 ndani ya ganda lake. Kwa kipimo cha moja kwa 22.5, unene huo ni sawa na fimbo ya milimita 31 katika injini yenyewe, na hivyo ni kama umetengenezwa kwa kazi hii. Shaba hiyo ni laini mno ikitoka katika ganda. Basi ncha moja hubanwa kwenye jiliwa, nyingine hushikwa kwa koleo na kuvutwa pole pole mpaka waya usikike umerefuka kidogo. Ukiachwa, huwa umenyoka na kuwa mgumu zaidi.

Ganda nalo lisitupwe. Injini ya daraja la 59 ni ya namna ya Garratt: ina sehemu tatu, jozi mbili za magurudumu mbele na nyuma, na tangi la mvuke likiwa limelala katikati kama daraja. Sehemu hizo hupinda kila moja kivyake penye kona, na mabomba ya mvuke ya injini yenyewe yaliwekewa viungo vya kugeuka. Fundi asiyelijua hilo huona bomba limekatika katikati ya sehemu mbili, akaliunga kwa bidii likawa imara, na kona ya kwanza hulikata tena na kung'oa vingine pamoja nalo. Ganda tupu la waya, likipakwa rangi nyeusi, hufanya bomba linalopinda. Kwa sababu hiyo hiyo mfano wa Garratt usiinuliwe kwa kushika katikati, maana ncha zake mbili zitaning'inia na kuvuta kila kilichofungwa kati yake.

Vipande vya madini hutaka tahadhari nyingine. Shaba ya manjano huungwa vizuri kwa lehemu, na vipande vya jirani hufunikwa kwa pamba iliyoloweshwa maji ili visiachie kwa joto. Lakini vipo vipande vya kijivu, vizito na laini, vilivyomiminwa kwa mchanganyiko wa bati na risasi. Hivyo vikiguswa kwa chuma cha kulehemu cha kawaida huyeyuka kama nta, na kazi ya mwezi huwa tone juu ya meza. Viungwe kwa lehemu maalumu inayoyeyuka kwa nyuzi 70 hivi, au kwa gundi ya mirija miwili.

Gundi hiyo hukauka polepole katika baridi, na asubuhi za Boito ni za baridi. Kazi iwekwe karibu na jiko, si juu yake, na isiguswe mpaka kesho. Supaglu, kinyume chake, hugandishwa na unyevu wa hewa, hivyo huko huwahi kushika kabla mkono haujanyoosha kitu. Tena huacha ukungu mweupe kandokando ya kiungo, hasa ndani ya sanduku lililofungwa. Itiwe kwa ncha ya sindano, dirisha likiwa wazi.

Kipande kilichopotea kabisa hutafutwa kwanza. Fundi mwenye busara hufanya kazi yote ndani ya sinia lenye kingo. Kisipopatikana, kitengenezwe kwa kupima kitu chenyewe. Injini 5918, iitwayo Mount Gelai, ipo katika makumbusho ya Nairobi, na picha moja iliyopigwa kwa ubavu, rula ikiwa imewekwa kando, hutoa vipimo vingi. Ila mwaka uangaliwe. Injini hizi zilipotoka Manchester zilikuwa na dohani ya mviringo, na baadaye zikatiwa dohani bapa ya namna ya Giesl, iliyobuniwa na mhandisi wa Austria. Mfano wa mwaka 1956 ukivikwa dohani bapa utakuwa umesema uwongo, hata kama kazi ya mkono ni safi.

Mwisho ni rangi, ile nyekundu ya damu ya mzee iliyokuwa ya injini hizo. Kipande kioshwe kwa maji na sabuni, kikaushwe, kisiguswe tena kwa vidole. Rangi ya kupuliza ikipulizwa hewa ikiwa na maji mengi hufifia na kuwa kama maziwa, na mvua ya nyanda hizo hupenda kunyesha alasiri. Kwa hiyo rangi ipulizwe ukungu wa asubuhi ukisha kuondoka, kwa tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene, kisha kazi ifunikwe kwa ndoo safi iliyopinduliwa, mpaka kesho yake.