Jicho la Kipepeo na Tatizo la Istilahi

Tumezoea kusikia kwamba macho yanayong'aa gizani ni ya paka, fisi na wanyama wengine wa usiku. Hata hivyo, vipepeo wengi warukao mchana wana jicho la namna hiyo. Makala haya yananuia kulieleza jicho hilo na kuonyesha mahali lugha inapotutega.

Jicho la kipepeo ni mkusanyiko wa maelfu ya vijicho. Paka ana utando mmoja nyuma ya retina unaorudisha nuru. Kwa kipepeo, kila kijicho kina kioo chake kitakoni. Kioo hicho ni mrija wa hewa uliojikunja ukafanya matabaka membamba, yabisi na hewa kwa kupokezana. Nuru isiyonaswa hugonga matabaka hayo na kurudi ilikopitia, ikapata nafasi ya pili ya kunaswa. Ile inayoponyoka ndiyo mng'ao tuuonao. William Miller na Gary Bernard waliandika kuhusu mng'ao huu mwaka wa 1968.

Mkazi wa Munyaka, Eldoret, aweza kujaribu kwa Vanessa cardui, kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye madoa meusi. Akae gizani kwanza, kisha amulikwe kwa tochi iliyoshikwa karibu kabisa na jicho la mtazamaji. Mng'ao hufifia baada ya sekunde chache, kwani chembe za rangi ndani ya seli husogea na kuinyonya nuru. Asijaribu kwa Papilio demodocus, yule mkubwa atagaye mayai kwenye milimau: jamii yake haina kioo hicho, na bado huona vizuri!

Wanabiolojia hukiita tapetamu, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya zulia. Kutafsiri 'zulia' ni kuazima sitiari ya wenyewe na kuiacha kazi ya kitu. Napendekeza 'kiakisi', kwa kuwa kitenzi 'akisi' tunacho tayari na kiambishi ki- huunda majina ya ala bila taabu.

Ugumu zaidi uko kwenye 'kijicho'. Kisarufi ni udogishi halali wa jicho, lakini kila mzawa wa lugha husikia husuda. Mwalimu akisema 'kipepeo ana kijicho', darasa litacheka. Wingi, 'vijicho', una nafuu, kwani husuda kwa kawaida hutajwa katika umoja. Kwa umoja, afadhali 'chembejicho', ingawa ni refu na halijazoeleka masikioni.