AFYA YA KINYWA CHA MTOTO NA KIPATO CHA FAMILIA

Wazazi, walezi na walimu wa skuli za Unguja wanafahamishwa kuwa maradhi ya meno ya watoto hayatenganishwi na hali ya maisha ya nyumba anamokulia mtoto. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa watoto wapatao milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza.

Jino huoza kwa namna moja, kwa tajiri na kwa maskini. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi, nayo asidi huyeyusha gamba gumu la jino. Kinachotofautiana ni mara ngapi sukari huingia kinywani, na hatua zinazochukuliwa tundu likishaanza.

Hapo kipato huleta madhara kwa njia mbili. Mtoto wa mjini aliyepewa pesa za skuli huweza kununua pipi, biskuti na soda kutwa. Neema ya nyumbani ikawa ndiyo inayomwozesha meno. Mtoto wa mkulima, au wa mama alimaye mwani Paje au Jambiani, huenda asivipate vitu hivyo kila siku. Lakini jino lake likitoboka, nauli na siku ya kazi itakayopotea humfanya mzazi angoje. Tundu lililoweza kuzibwa huishia kwa jino kung'olewa. Kwa muda wote huo mtoto hali vyema, halali, wala darasani hasikilizi. Huonwa mvivu, kumbe anaumwa.

Wapo pia wasemao kuwa meno ya utotoni yatang'oka tu. Ieleweke kuwa gego la kwanza la ukubwani huota mtoto afikapo umri wa miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utotoni, bila ya jino lolote kung'oka. Wengi hulidhania la utotoni, na likipotea halioti tena.

Kwa hiyo wazazi wanashauriwa yafuatayo:

1. Mtoto apigwe mswaki mara mbili kwa siku, mara moja ikiwa kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Aliye chini ya miaka 3 atiliwe kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Kiasi hicho kinatosha, na dawa hudumu.

2. Mswaki wa mti usidharauliwe. Husafisha vyema ukitumiwa kwa uangalifu.

3. Vitu vitamu vipunguzwe, na vikiliwa viwe pamoja na mlo. Kiu ikatwe kwa maji.

4. Mzazi akague kinywa cha mtoto kila wiki penye mwanga. Akiona doa jeupe lisilofutika, weusi au tundu, ampeleke kituo cha afya kabla ya maumivu.

Walimu nao wanaombwa kumuuliza mwanafunzi anayezubaa iwapo anaumwa na jino, kabla ya kumkemea.