Majani Makavu ya Migomba

Babu mmoja alikuwa na shamba la migomba karibu na mji wa Beni. Siku moja mjukuu wake alitoka masomoni, akaona majani makavu yakining'inia. Akatwaa panga, akasema: «Babu, leo nitasafisha shamba lote.»

Babu akajibu: «Ngoja, mjukuu wangu. Majani haya hayakufa kwa sababu moja. Njoo tuyatazame.»

Wakafika kwenye mgomba wa kwanza. Majani mawili ya chini yalikuwa makavu, lakini ya juu yalikuwa mabichi, na jani changa lilisimama katikati kama mkuki. Babu akasema: «Haya yamekufa kwa uzee. Uyakate, uyatandike chini. Yatazuia jua lisikaushe udongo, na mvua isiuchukue bondeni. Yakioza, yatalisha mgomba.»

Wakafika kwenye mgomba wa pili. Hapa jani changa lilikuwa limelegea na kugeuka manjano. Ndizi nyingine zilikuwa zimeiva kabla ya wakati. Babu akavunja moja. Ndani ilikuwa na madoa ya kahawia. Mtoto akainua panga. Upesi babu akamshika mkono.

«Huu ni mnyauko! Ukikata hapa, kisha ukakate pale, panga lako litaeneza ugonjwa shambani mwote. Tutakosa ndizi za kula na za kasikisi, hata feza za masomo yako.»

Mnyauko huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mwaka 1968 wataalamu waliueleza huko Ethiopia, katika ensete, mmea ulio ndugu wa mgomba. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na pia Masisi katika Kivu ya Kaskazini. Baadaye ukafika Beni. Panga huupeleka, nyuki na wadudu wengine pia huupeleka, wakitembelea ua la dume lililo mwisho wa mkungu. Hakuna dawa ya kuuponya mgomba mgonjwa.

Basi babu akakata shina lile gonjwa chini kabisa, karibu na udongo. Hakung'oa migomba mingine ya shina moja nalo. Kisha akapitisha panga motoni mpaka likawa moto sana. Katika migomba mizima akavunja maua ya dume kwa mti wenye panda, bila kisu, mara vichane vya mwisho vilipokwisha kutokea.

Kila juma walirudi kutazama. Shina lililonyauka lilikatwa, na panga likapita motoni tena. Mtoto akajifunza kutumia macho kwanza, na panga baadaye.

MAULIZO

1. Jani lililokufa kwa uzee hutambulika namna gani?
2. Majani makavu ya mgomba mzima yana faida gani?
3. Mnyauko hupita kwa njia zipi?
4. Kwa nini babu alivunja ua la dume bila kisu?
5. Nyumbani, tazama migomba mitatu. Eleza majani yake.